Reli ya zamani ya kati baada ya treni ya umeme: ing'olewe au iendelee kufanya kazi?

Mdadisi wa Kimara ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na kufika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huohuo, kumekuwa na hoja moja inayorudi kila ninapokaa na watu wanaofuatilia mambo ya uchukuzi. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa sasa abiria anaweza kulipa shilingi 31,000 katika daraja la kawaida na kufika Dodoma akiwa bado ana nusu ya siku mbele yake, hakuna sababu ya Shirika la Reli Tanzania (TRC) kuendelea kuitunza reli ya zamani yenye upana wa mita moja, ambayo treni zake huenda taratibu, hutumia dizeli na kila masika husimama kwa sababu ya mafuriko. Wanashauri ing'olewe, vyuma viuzwe, na fedha na watumishi wote wahamishiwe kwenye reli ya kisasa.

Mimi si mtaalamu wa reli. Nimesoma kwamba TRC ndilo shirika la umma linalomiliki na kuendesha mitandao yote miwili, na kwamba mitandao hiyo haiingiliani, kwa maana behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya reli nyingine. Jambo hilo ndilo linalonisumbua. Shirika moja la umma linalazimika kuwa na vichwa vya treni vya aina mbili, karakana za aina mbili, vipuri vya aina mbili na mafundi wenye ujuzi wa aina mbili, na gharama yote hiyo inatoka katika mfuko wa taifa ambao una hospitali na shule za kuhudumia pia.

Naomba wenye uzoefu wanieleze mambo mawili. Kwanza, je, reli ya zamani bado ina kazi ambayo reli ya kisasa haiwezi kuifanya, au inaendelea kuwepo kwa mazoea tu? Pili, kama ina kazi, je, TRC inaweza kweli kuihudumia bila kuidhoofisha ile mpya? Ningependa majibu yenye maelezo, kwa sababu majibu ya ushabiki nimeyasikia ya kutosha.

---

Mstaafu wa Njia amejibu:

Ndugu Mdadisi, nimefanya kazi ya matengenezo ya njia katika reli ya kati kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo nitajaribu kukujibu kwa utaratibu.

Tuanze na ramani. Mtandao wa reli ya mita moja una urefu wa takriban kilomita 2,700, na haukujengwa kwa mara moja wala na serikali moja. Wajerumani walianza Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Reli ya kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mapema mwaka 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliunganisha Tabora na Mwanza mwaka 1928, wakaifikisha reli ya Tanga hadi Arusha mwaka 1929, kisha wakajenga tawi la Kaliua kwenda Mpanda kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, ikajengwa njia ya kutoka Ruvu kwenda Mruazi, ambayo kwa mara ya kwanza iliiunganisha reli ya Tanga na reli ya kati ndani ya nchi yetu wenyewe. Hicho kiungo watu wengi hawakifahamu, nami nitakirudia.

Sasa weka ramani ya reli ya kisasa juu ya hiyo. Inayobeba abiria leo inaishia Dodoma. Vipande vya Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka, Isaka hadi Mwanza, na Tabora hadi Kigoma viko katika hatua mbalimbali za ujenzi. Hata vitakapokamilika vyote, Mpanda, Singida, Tanga, Moshi na Arusha zitabaki zikitegemea reli ya mita moja kwa muda mrefu. Kwa hiyo anayesema "ing'olewe" anapaswa kutaja ni kipande gani, kwa sababu magharibi ya Dodoma hakuna treni nyingine ya kumpeleka mtu Kigoma.

Jambo la pili ni kwamba nchi hii imekwisha kung'oa reli zaidi ya mara moja, na matokeo yake yanaonekana. Ilikuwepo reli ya Kusini kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa baada ya Vita Kuu ya Pili. Mpango uliposhindwa, reli ilikosa mzigo, ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu wakati huo mikoa ya Lindi na Mtwara haina reli, na leo serikali inatafuta mabilioni ya fedha ili ijenge upya njia kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay. Ilikuwepo pia njia ya Msagali kwenda Kongwa kwa sababu ya karanga hizohizo, nayo haipo. Ilikuwepo njia ya Manyoni kwenda Kinyangiri, ikang'olewa katika miaka ya 1940, na miongo kadhaa baadaye tukalazimika kuingia gharama ya kujenga Manyoni hadi Singida katika eneo lilelile. Reli iking'olewa, hata ardhi yake hupotea. Watu hujenga na kulima juu ya tuta, na siku unapoihitaji unaanza kwa kulipa fidia.

Jambo la tatu, ambalo nalishikilia kuliko yote, ni kwamba upana wa njia si ugonjwa wa reli yetu. Nchini Brazil kuna reli ya Vitória hadi Minas Gerais, ambayo nayo ni ya mita moja kama yetu, na hubeba zaidi ya tani milioni 100 kwa mwaka, nyingi zikiwa chuma ghafi. Tofauti iko katika uzito wa vyuma, ubora wa mataruma (yaani vipande vinavyolazwa chini ya vyuma na kuvishikilia), unene wa kokoto, nguvu ya madaraja na nidhamu ya matengenezo. Kwetu, sehemu kubwa ya reli ya kati iliendelea kutumia vyuma vyembamba vya zamani huku mahitaji yakikua. Chuma chembamba hakiwezi kubeba behewa zito, na dereva analazimika kupunguza mwendo kila anapofika penye alama ya tahadhari. Ukiona treni inatambaa, mara nyingi kichwa kina nguvu za kutosha, ila njia haimruhusu dereva azitumie.

Niruhusu nieleze jinsi njia inavyotunzwa, kwa sababu watu wengi hudhani reli ikishalazwa imelazwa. Kila kipande cha njia kina gengi lake, yaani kikundi cha wafanyakazi wa njia, na mnyapara wake. Asubuhi na mapema, kabla jua halijavipasha vyuma joto, mtu mmoja hutembea kwa miguu katikati ya reli akiwa na nyundo na spana. Anagonga boliti za viungio na kusikiliza mlio, kwa kuwa boliti iliyolegea hulia tofauti na iliyokaza. Anatazama kama taruma limezama upande mmoja, kama kokoto zimemwagika kutoka mabegani mwa tuta, kama mtaro umezibwa na majani. Kalavati iliyoziba mwezi wa Oktoba ndiyo inayobomoa tuta mwezi wa Januari. Kazi hiyo haipigwi picha wala haizinduliwi na kiongozi, na bajeti inapopunguzwa ndiyo huwa ya kwanza kukatwa.

Mfano ulio wazi ni eneo la Kilosa hadi Gulwe, ambako reli inafuata bonde la Mto Mkondoa. Mvua za mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 zilisomba tuta na madaraja, njia ikafungwa kwa miezi, na mikoa yote ya magharibi ikakosa treni ya kutoka Dar es Salaam. Mto ule huleta mchanga mwingi kutoka milima ya juu, kitanda chake kinapanda mwaka hadi mwaka, na maji hutafuta njia nyingine, ambayo kwa bahati mbaya ni reli. Bwawa la Kidete lilijengwa zamani ili kupunguza nguvu ya maji hayo, lakini nalo halikutunzwa, likabomoka. Wahandisi wa reli ya kisasa walilielewa somo hilo, ndiyo maana njia mpya inapanda pembeni mwa bonde na kupita katika mahandaki.

Na tusisahau Igandu. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima karibu na Dodoma ilirudi nyuma bila breki kuishika, ikaigonga treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha. Ninalitaja kwa heshima ya marehemu hao, na kwa sababu nataka ieleweke kwamba tunapozungumzia matengenezo tunazungumzia roho za watu.

---

Wakala wa Isaka amejibu:

Mzee Mstaafu ameeleza vizuri sana upande wa njia. Mimi nitaongeza upande wa mzigo, kwa kuwa ndiyo shughuli yangu ya kila siku.

Abiria anataka kufika haraka. Mwenye shehena anataka kwanza kujua siku ambayo mzigo wake utafika, na haraka huja baadaye. Mfanyabiashara wa Kigali au Kampala anayeagiza ngano, mbolea, mafuta ya kula au mabati hajali sana kama treni imekwenda kilomita 40 au 120 kwa saa, ilimradi aliyemwambia "siku ya nne" awe amesema kweli. Reli ya zamani ilipoteza wateja kwa sababu ahadi ya siku haikuaminika, nasi mawakala tukahamia kwenye malori tukijua kuwa ni ghali zaidi. Kwa hiyo yeyote anayetaka mizigo irudi kwenye reli asianze na vichwa vipya, aanze na ratiba inayotimia.

Faida ya reli kwa taifa ni kubwa hata ikiwa ya zamani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu lori lenye mzigo wake lisizidi tani 56 barabarani. Ukitoa uzito wa gari lenyewe, unabaki na mzigo wa kama tani 30 hivi. Treni ya mabehewa 20, kila moja likiwa na tani 40, inabeba tani 800, ambazo ni malori zaidi ya 25 yaliyoondolewa katika barabara ya Morogoro kwa safari moja. Hesabu gharama ya lami inayochimbika, kisha hesabu ajali za usiku.

Sasa nije kwenye hoja ya Ndugu Mdadisi kuhusu mitandao isiyoingiliana, kwa sababu ndiyo yenye uzito. Ni kweli kwamba kuhamisha mzigo kutoka reli moja kwenda nyingine ni gharama na ni muda. Tanzania tunao uzoefu huo tangu TAZARA ijengwe katika miaka ya 1970 kwa upana wa milimita 1,067, wakati reli ya kati ni milimita 1,000. Mitandao hiyo inakutana Kidatu, mwisho wa tawi linalotoka Kilosa kupitia Mikumi, na kuna kituo cha kuhamishia makontena ambacho kinafanya kazi ndogo sana ukilinganisha na matarajio yaliyokuwepo. Sasa reli ya kisasa imeleta upana wa tatu, milimita 1,435. Kwa kontena, tatizo hilo linatibika kwa winchi nzuri na eneo lililopangwa vizuri. Kwa mzigo wa kichele, yaani unaomiminwa bila kufungashwa, kama klinka ya saruji, chumvi ya Uvinza au nafaka, kuhamisha ni hasara tupu, kwa kuwa unapakua na kupakia upya na kila mara unapoteza kiasi.

Hapo ndipo reli ya mita moja ina nguvu ambayo haitajwi. Behewa linaweza kuondoka bandarini Dar es Salaam, likafika Mwanza Kusini, likaingia ndani ya meli ya MV Umoja kwa reli zilizomo ndani ya meli hiyo, likavuka Ziwa Viktoria na kushuka Port Bell nchini Uganda likiwa halijafunguliwa. Inawezekana kwa sababu Uganda nayo ina reli ya mita moja, iliyorithiwa kutoka Shirika la Reli la Afrika Mashariki lililovunjika mwaka 1977. Huduma hiyo ilifufuliwa mwaka 2018 baada ya kusimama kwa miaka mingi. Tukiing'oa reli ya zamani kati ya Dar es Salaam na Mwanza, MV Umoja inabaki bila kazi, na soko la Uganda tunalikabidhi lote kwa barabara na kwa bandari ya Mombasa.

Kwa maoni yangu, mgawanyo wa kazi unajionyesha wenyewe. Makontena ya haraka na abiria wa mbali waende reli ya kisasa pale inapofika. Mzigo mzito usio na haraka, mzigo wa matawi, na mzigo wa kuvuka ziwa ubaki reli ya zamani.

---

Mdadisi wa Kimara ameandika:

Mzee Mstaafu, shikamoo. Nakushukuru wewe na Ndugu Wakala kwa maelezo haya. Nimeelewa kwamba reli ya zamani ina kazi. Lakini nyote wawili mmegusa fedha bila kuifikia mwisho. Kama tatizo ni matengenezo, na matengenezo hayakufanyika wakati shirika lilipokuwa na mtandao mmoja tu, tutarajie nini sasa ambapo lina miwili? Je, isingekuwa afadhali reli ya zamani apewe mwekezaji binafsi, TRC ibaki na ile ya kisasa?

---

Mfuatiliaji wa Mashirika amejibu:

Ndugu Mdadisi, njia hiyo ilikwisha kujaribiwa, na ni vema historia yake ikajulikana kabla hatujaipendekeza tena.

TRC ya kwanza iliundwa mwaka 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Katika miaka ya 1990 iliingizwa katika orodha ya mashirika ya kubinafsishwa, na kuanzia hapo serikali haikuwa na hamu ya kuwekeza katika shirika ambalo ilitarajia kuliachia, hivyo miaka ya kusubiri mwekezaji ikawa pia miaka ya kuchakaa kwa njia, vichwa na mabehewa. Mwaka 2007 mkataba wa miaka 25 ulitiwa saini na kampuni ya RITES ya India, ikaundwa Tanzania Railways Limited (TRL), ambamo RITES ilikuwa na hisa asilimia 51 na serikali asilimia 49. Miundombinu yenyewe, yaani njia, madaraja na ardhi, iliwekwa chini ya kampuni nyingine ya umma, RAHCO.

Mkataba haukudumu hata miaka mitano. Kulikuwa na malalamiko pande zote: wafanyakazi waligoma kwa ajili ya mishahara, serikali ikalalamikia uwekezaji mdogo na vichwa vya kukodi, na mwekezaji akalalamikia hali ya njia aliyoikuta. Mafuriko ya Kilosa yaliyotajwa na Mzee Mstaafu yalikuja katikati ya mgogoro huo. Serikali ikazirudisha hisa zote mikononi mwake mwaka 2011, na Sheria ya Reli ya mwaka 2017 ikaziunganisha TRL na RAHCO kuwa Shirika la Reli Tanzania tunalolifahamu leo.

Funzo ninalolichukua hapo ni mahususi. Kosa kubwa lilikuwa kumtenganisha anayeendesha treni na anayetunza njia, halafu kutokumpa yeyote kati yao fedha ya kuitunza. Mwendeshaji alisema njia si yake. Mwenye njia alisema hana mapato, kwa kuwa mapato yanatoka kwenye treni. Kalavati ya Mzee Mstaafu ikabaki imeziba, kila mmoja akiwa na barua ya kuonyesha kwamba si jukumu lake.

Tangu hapo yametokea mambo mawili ambayo hayatajwi ipasavyo. Mwaka 2015 ilianzishwa Tozo ya Maendeleo ya Reli, asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini, ili kuwe na chanzo cha kudumu cha fedha za miundombinu ya reli. Na mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 300 kwa mradi wa kukarabati reli ya kati kati ya Dar es Salaam na Isaka, kilomita 970, ambapo vyuma vyepesi vilibadilishwa na vizito zaidi na madaraja kuimarishwa. Ina maana kwamba sehemu ambayo wengine wanataka ing'olewe ni ileile ambayo taifa limeikopea na litaendelea kuilipia. Kung'oa mali ambayo deni lake halijaisha ni jambo ambalo mkaguzi yeyote wa hesabu angelihoji.

Ushindi mwingine ambao shirika hili la umma linastahili kupongezwa ni reli ya Tanga. Huduma ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilikuwa imekufa kwa zaidi ya miongo miwili, miti ikiwa imeota katikati ya njia. TRC iliifufua Desemba 2019 na kuifikisha treni Arusha mwaka 2020, kwa kutumia kwa kiasi kikubwa mafundi wake yenyewe na gharama ambayo ni sehemu ndogo sana ya gharama ya kujenga reli mpya. Iliwezekana kwa sababu hakuna aliyeing'oa katika miaka yote ambayo ilionekana haina faida.

Kuhusu waendeshaji binafsi, sipingi waruhusiwe kuleta vichwa na mabehewa yao na kulipia matumizi ya njia, chini ya leseni na ukaguzi wa LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu, na serikali imekwisha kuonyesha kwamba inaelekea huko. Ninachokipinga ni kuikabidhi njia yenyewe. Na ningependa hesabu za TRC zichapishwe zikitenganisha mitandao miwili: mapato ya reli ya mita moja, matumizi yake, tani ilizobeba, na kiasi kilichotengwa kwa matengenezo ikilinganishwa na kilichotolewa. Bila kutenganisha hivyo, mtandao mmoja utaufadhili mwingine kimyakimya, na hatutajua ni upi.

---

Binti wa Kaliua amejibu:

Nawashukuru wote. Naomba niwasemee abiria, maana mjadala huu unaendeshwa zaidi na watu wa mzigo na hesabu.

Katika tawi la Mpanda, treni ni kitu kikubwa kuliko usafiri. Mama anayepanda na magunia ya mpunga, madumu ya asali au ndoo za mawese hawezi kupokelewa na basi kwa bei ambayo itamwachia faida. Treni inamchukua yeye na mzigo wake, na inasimama kwenye vituo ambavyo masika ikichachamaa havifikiki kwa gari. Biashara hiyo inaendelea njia nzima: Saranda abiria hununua kuku, Tabora asali, na Kigoma watu hurudi na dagaa na migebuka iliyokaushwa. Vituo hivyo vidogo viliota kwa sababu treni inasimama. Reli ya kisasa, kwa mwendo wake, haiwezi kusimama kila baada ya kilomita 15, na wala sidhani kama inapaswa.

Swali langu kwa Mzee Mstaafu, shikamoo baba: kama fedha haitoshi kwa mtandao wote, kipi kitunzwe kwanza? Na je, kipo kipande cha reli ya zamani ambacho wewe mwenyewe ungekubali kifungwe?

---

Mstaafu wa Njia amejibu:

Marahaba mwanangu. Swali lako ni gumu na ni la haki.

Kwanza ningetunza Tabora. Pale ndipo njia za Dar es Salaam, Mwanza na Kigoma zinapokutana, na chuo cha reli kiko palepale. Tabora ikisimama, magharibi yote imesimama. Baada ya hapo ningeweka fedha katika kipande cha Tabora hadi Kigoma pamoja na tawi lenu la Mpanda, kwa sababu mradi wa ukarabati ulioishia Isaka haukuwafikia, na kwa sababu Kigoma ndiyo mlango wa Bujumbura na Kalemie kupitia Ziwa Tanganyika. Reli ya kisasa itafika huko, lakini mpaka ifike watu wanapaswa kusafiri.

Ama kipande cha kufungwa, kama ningelazimishwa kutaja, kila mhandisi angetaja Kilosa hadi Gulwe. Ni kifupi, ndicho kinachokula fedha nyingi za dharura, na reli ya kisasa tayari inapita sambamba nacho mahali palipo salama zaidi. Hoja hiyo ina nguvu, na nimewahi kuisikia ikitolewa na wataalamu ninaowaheshimu.

Hata hivyo siikubali, na sababu yangu ni karakana. Karakana kuu ya vichwa vya treni vya reli ya mita moja iko Morogoro, mashariki ya Kilosa. Vichwa vinavyofanya kazi Tabora, Mwanza, Mpanda na Kigoma hupelekwa Morogoro kwa matengenezo makubwa. Ukikata njia katikati ya Kilosa na Gulwe, umevitenga na mafundi wake, na ndani ya miaka michache vitasimama kimoja baada ya kingine kwa kukosa huduma ambayo Tabora haiwezi kuitoa kikamilifu. Vilevile umeutenga upande wa Tanga na Arusha na mabehewa ya magharibi, na kiungo cha Ruvu hadi Mruazi cha mwaka 1963 kitabaki kikiunganisha kipande na kipande. Mtandao wa kilomita 2,700 utakuwa mitandao miwili midogo, ambayo hakuna hata mmoja utakaoweza kujilipia.

Kwa hiyo kabla ya mtu yeyote kupendekeza Kilosa hadi Gulwe ifungwe, aseme kwanza karakana ya pili itajengwa wapi, kwa fedha ipi, na mafundi wake watatoka wapi. Wakati tukisubiri jibu hilo, Bwawa la Kidete lijengwe upya kwa kiwango kinachostahili, mchanga uondolewe katika Mkondoa kila kiangazi, na magengi ya eneo hilo yaongezewe watu kabla ya mwezi wa Novemba.